Tatu za Nyumba, Mbili za Zuhura

Jules Street, Malvern,
Johannesburg.
Mwezi wa saba, baridi imekaza.

Kwa dada yangu Zuhura,

Pokea salamu za mdogo wako asiyezeeka. Mimi mzima wa afya, nimenenepa mpaka lile shati ulilonishonea limekataa kufunga kifungo cha tumboni, na watu wa huku wakiniona wanadhani nina hisa kwenye mgodi wa dhahabu. La kunisumbua ni baridi tu. Si ile ya kwetu ya mlimani, ya kuvaa sweta na kunywa chai ikaisha. Hii inaingia kwenye mfupa, inakaa, inaomba na mto. Nyinyi je? Mguu wa Mama unaendeleaje? Shangazi Mwajabu bado anauza vitumbua na kusema watu? Niandikie hata yasiyo na maana, maana huku yenye maana yamenichosha.

Sasa dada, barua hii isome umekaa, na Shangazi Mwajabu awe chumbani pamoja nawe. Si mlangoni, chumbani. Ni habari ya Yusufu. Najua macho yako sasa hivi yameruka kwenda chini ya karatasi. Yarudishe juu. Nimeyapanga yalivyonijia, kwa sababu ukianzia mwisho hutaelewa, na mimi niliyeyaona kwa macho haya bado sijayaelewa yote. Nimesikia kwamba yule bwana mwenye mashine ya kusaga amerudia posa, na jibu lako ni lilelile: "Sijaachwa, sijafiwa." Siku naondoka hukuniagiza redio wala viatu. Ulisema, "Athumani, kanijulie kama mimi ni mke au mjane." Sijasahau hata siku moja, hata siku zile nilizojifanya nimesahau.

Kazi yangu unaijua. Nimepanga chumba cha mbele hapa Jules Street, mtaa mrefu wa maduka madogo madogo, mkono huu muuza matairi, mkono huu Mama Béa, Mkongo anayesuka nywele. Juu ya mlango nimeandika kwa rangi nyekundu: FUNDI WA MOROGORO, REDIO, TV, AMPLIFAYA, KILA KITU. Watu huniuliza Morogoro ni kampuni ya Wajapani? Nawajibu ndiyo, na mimi ndiye mkurugenzi.

Mwezi wa tano akashuka kwenye teksi mwanamke mmoja mrefu, kavaa koti la walinzi wa maduka, amebeba sanduku la mbao lililofungwa blanketi, kalipakata kama mtoto mwenye homa. Akasimama nje akisoma kibao changu, muda mrefu kuliko maneno yaliyopo.

"Wewe ni wa Morogoro kweli, au umeandika tu?"

"Sista, nimezaliwa Morogoro, nimekulia Morogoro, na ule mlima wa Morogoro ukilegea mimi ndiye huitwa kuukaza."

Hakucheka. Alisema anaitwa Dudu, anakaa Alexandra, na kilichomo sandukuni kimenyamaza, anataka kiseme ili akiuze.

Nikafunua blanketi. Dada, mimi nimefungua vitu vya mataifa yote, lakini kile kilinitoa jasho kwenye baridi. Ni kinanda kisicho na meno. Vibao vya bati vimepangwa, kila kibao na vifundo vyake na matundu yake, na kutoka tundu hadi tundu nyaya fupi za rangi zimening'inia kama utumbo wa mbuzi siku ya Idi. Huku wanakiita sinthesaiza, ile ya vipande. Kipande kimoja kinazaa sauti, kingine kinainyoa, kingine kinahesabu mapigo, na mwenye kupiga ndiye anayeamua kwa waya nani azungumze na nani. Hiki hakikutoka kiwandani, kilikuwa kazi ya mkono. Nikauliza aliyekitengeneza ni nani. Dudu akasema, "Mtu wa nyumbani," akatazama barabarani.

Kitu kilichonyamaza ni kigumu kukitibu. Redio ikikoroma unafuata mkoromo mpaka kwenye kidonda. Ikinyamaza, lazima uwe na osiloskopu, yaani kidude chenye kioo: unagusa waya kwa ncha yake, na kioo kinakuchorea umeme unavyotembea, mstari wa kijani unapanda na kushuka. Pale mstari unapolala ndipo palipokufa. Aliyenifundisha kuyeyusha risasi kwenye nyaya, nawe unamjua kuliko mimi, alikuwa akisema fundi asiye na osiloskopu ni daktari anayepima homa kwa barua.

Nikaenda mjini kuitafuta. Duka la vyombo vya maabara walinionyesha moja kubwa kama jiko la kuokea, bei yake ukiisikia unaomba maji. Nikasema nataka ndogo, ya mtu wa kawaida. Muuzaji akaniambia zile ndogo ndizo ghali zaidi. Eish. Wapi umeona kuku akauzwa chini ya yai lake? Nikapita maduka yote ya rehani. Wana magitaa, wana mashine za cherehani, wana sinia nzima ya pete za ndoa, dada, sinia nzima. Osiloskopu hawana.

Mama Béa ndiye aliyenielekeza Berea, kwa Papa Kasongo, Mkongo wa Lubumbashi anayeuza vifaa chakavu vya hospitali. Anakaa juu kabisa ya ghorofa ambalo lifti yake ilishakufa na kuoza. Nimefika napumua kama ng'ombe wa kulimia.

"Ndugu, unatafuta nini?"

"Osiloskopu. Ndogo. Na mimi si tajiri, ni huu mwili tu."

Akainama chini ya kitanda, akatoka na kidude cha ukubwa wa mkate, kina mkono wa kubebea na kioo kama kiganja. "Hii ilikuwa naangalia moyo ya bagonjwa. Ile mustari ya kijani. Moyo ni kurà, amplifaya ni kurà. Yote ni moya."

Kurà kwao ni umeme. Nikakigeuza, nikaona kweli, ni osiloskopu iliyosomea udaktari. Kwa sauti nyembamba ni kizito, kimezoea moyo, lakini kwa mapigo ya polepole kingefaa.

"Papa, na hao wagonjwa walipona?"

"Bengine walipona, bengine hapana. Yeye hana ubaguzi."

Tulikubaliana nitengeneze televisheni yake na ya shemeji yake, nami nichukue kidude. Nimeshafika kwenye ngazi akaniita. "Ndugu, jambo moja. Usiiache inawaka bila kitu ya kuangalia."

"Kwa nini, itaungua?"

"Hapana. Inatafuta."

Nilicheka ngazi zote mpaka chini. Nimewahi kuambiwa mengi na wauza vitu chakavu.

Nikakata zile nyaya za kubandika kifuani, nikaweka ncha za kupimia, nikaanza kazi. Umeme wa kuingilia mzima. Kipande cha sauti kizima. Nikagusa kile kipande cha kuhesabu mapigo, chenye safu ya vifundo, na mstari ukaruka: mabonge matatu ya haraka. Ukalala. Mabonge mawili ya polepole. Ukalala kirefu. Kisha tena vilevile. Kimya kabisa, maana njia ya kutokea spikani ilikuwa imeungua, hilo nilishaliona. Nikajimiminia chai, nikawa natazama tu. Mara mkono wangu wenyewe, dada, ukaanza kugonga meza. Tatu. Mbili. Mkono ulijua kabla yangu.

Unakumbuka Yusufu alivyokuja mara ya kwanza, katoka kule kambini kwa wakimbizi wa Afrika Kusini, hajui hata kuomba maji, akagonga bati la geti letu kama askari wa kodi. Mama akatoka na mwiko. Akamfundisha palepale: kwetu mtu hagongi, anaita hodi, mara tatu, asipoitikiwa anarudi alikotoka bila kinyongo. Ulimi ukamwia mzito, akaendelea kugonga, ila akagonga kwa adabu. Tatu, ananyamaza, halafu mbili. Nikamuuliza, shemeji, Mama kasema tatu, hizo mbili za nini? Akaniambia, "Tatu za nyumba, mbili za Zuhura." Na wewe hukuwa ukizingoja zile mbili, ulikuwa umeshafika getini na kanga ya kichwa mkononi.

Nikajisemea, Athumani, tulia. Vifundo viliwekwa hivyo na mtu, na mashine inarudia ilichowekewa. Huo ni umeme. Lakini mtu gani?

Kesho yake mchana, jua la huku linawaka bila kutoa joto, umeme ukakatika mtaa mzima. Roboti za njia panda, ndivyo wanavyoziita taa za kuongozea magari, zikafa, watu wanapigiana honi na kutukanana mama zao. Plagi ya ile mashine nilikuwa nimeishika mkononi, naisugua kutu kwenye miguu. Kidude cha Papa Kasongo kina betri yake, kilikuwa kinawaka, ncha yake iko palepale nilipoiacha jana.

Mstari ukaruka. Tatu. Kimya. Mbili.

Nikatazama plagi mkononi. Nikatazama kioo. Honi zote za nje nikawa sizisikii. Ubaya wake, dada, ni kule kutosikika. Kugongewa mlango ukasikia, utaogopa, lakini utajua ni mlango upi. Huu sikujua uko wapi. Na ule mkato kati ya tatu na mbili haukuwa kama wa jana, wa mashine, uliopimwa. Ulirefuka kidogo. Kama mtu anayetega sikio kabla ya kuendelea.

Neno likanifika kwenye meno. Mtoto aliyelelewa na Mama akigongewa huitikia kabla ya kufikiri. Lakini Bibi naye alitukataza kumwitikia mwita tusiyemwona, nikabana taya mpaka zikauma. Nikatoka nje nikaenda spaza, kile kiduka cha kona, nikanunua sigara. Mimi sivuti. Nikasimama na pakiti yangu juani.

"Fundi, umeona nini?" Mama Béa kaniuliza. "Sura yako majivu tupu."

"Nimeona bei ya sigara."

Mtaalamu atakuambia ni chaji iliyobaki kwenye mashine. Mtaalamu wa mtaa huu ni mimi, na mimi nakuambia sijui.

Jumamosi Dudu akaja kuulizia. Nilikuwa nimepanga maneno, Kiingereza changu chote nimekipiga pasi. Alipoingia maneno yakatoweka. Nikanyoosha mkono nikagonga meza: tatu, kisha mbili. Akakaa juu ya televisheni ya mteja bila kuangalia anakalia nini.

"Nani amekufundisha?"

"Shemeji yangu. Alikuwa akija hivi kwa dada yangu, Morogoro. Kwetu alisilimu tukamwita Yusufu."

"Kwetu ni Vusi," akasema. "Kaka yangu. Alisema mashine hii ikinyamaza tusimpe fundi wa mjini. Tumtafute mtu wa Morogoro. Tulidhani ni homa inayoongea. Nimepita na teksi mbele ya kibao chako wiki nyingi, kila nikitaka kushuka miguu inakataa."

"Alisema lini?"

Alishika pindo la koti lake akalikunja, akalikunjua. Nikajua.

Dada, Yusufu amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Amefariki kwa ugonjwa wa kifua, mwaka wa pili tangu arudi kwao. Weka karatasi chini kwanza. Lia. Shangazi, mshike.

Siku ileile tulikwenda Alexandra. Nyumba zimebanana mpaka ukipiga chafya jirani anakuambia afya, na ng'ambo ya barabara kuu yapo maghorofa ya vioo ya matajiri. Mama yake ni mzee mwembamba, wote wanamwita Gogo, yaani Bibi. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza kushoto na kulia kama anayenunua papai. Dudu akawa anatafsiri.

Nikauliza lile ambalo ungeuliza wewe. Kwa nini hakuandika? Gogo akanionyesha uani kibanda cha mabati, chumba kimoja, na pale penye mlango limetundikwa turubai. Akasema, "Alirudi hana kazi. Kila nikimwambia mwite mkeo, anasema, Mama, kwao watu wanaita mlangoni. Nitamleta Zuhura mahali pasipo na mlango? Nikimwandikia nimwambie nini?" Basi akawa anaunda mashine, aipige kwenye sherehe za watu, apate chumba chenye mlango. Kifua kikamuwahi. Hakukuwa na mwanamke mwingine, dada. Niliuliza mara tatu kwa njia tatu tofauti, wewe unanijua nilivyo mbea.

Halafu Gogo akaniambia jambo la mila yao. Mtu wao akifia mbali na nyumbani, ndugu zake hubeba tawi la mti wa miiba mpaka pale alipokata roho, humwambia twende nyumbani, na kutoka hapo mbeba tawi haongei na mtu njia nzima. Kwenye teksi tawi hulipiwa nauli na kukalia kiti chake. Yusufu alifia hospitali ya mjini, nao walimfuata hivyo, wakamleta. "Lakini hakufika kamili," Gogo akasema. "Mama anajua. Sehemu yake imesimama kwenye mlango wa watu, inangoja. Ni mtoto mwenye adabu, haondoki bila kujibiwa."

Mimi sikuwa nimemwambia habari ya umeme kukatika. Wala Dudu sikuwa nimemwambia.

Nilimaliza kuitengeneza, nikaipeleka. Tuliiwasha kwenye kile kibanda chake, kidude cha kioo pembeni. Sasa ina sauti. Si sauti ya mbao wala ya bati, ni sauti nene inayotoka kama chini ya blanketi, tatu, halafu mbili. Gogo alikuwa akimenya viazi. Akainua kichwa kuelekea turubai la mlangoni. "Ngubani?" Kwao ndiyo "nani huyo". Alingoja kama mtu anayengoja jibu, kisu hewani. Kisha akaniuliza, "Kwenu hujibiwaje?"

"Kwetu anajibu mwenye nyumba."

"Basi mwambie mwenye nyumba."

Ndiyo sababu ya kifurushi hiki. Nimempa Mama Shani wa Msamvu, aliyekuja huku kufuata mablanketi. Ndani mna kaseti. Upande wa kwanza ni yeye, nimerekodi kutoka kwenye mashine. Upande wa pili nimeuacha mtupu. Ukiwa tayari, useme. Ukitaka kusema karibu, sema. Ukitaka kusema nenda salama, sema. Ukitaka kumgombeza kwa miaka yote hii, mgombeze, kaseti ni ndefu. Nitaipeleka kwa Gogo, tutaipiga mle kibandani na kioo kikiwa kimewaka, na mstari nitautazama mwenyewe. Mpaka hapo mashine haiuzwi. Dudu amekubali.

Kuhusu eda, kamwulize shehe. Mimi chuoni nilitoka mapema, kwa mlango wa nyuma, unakumbuka. Wengine watakuambia imeshapita zamani kwa kuwa kafa zamani, lakini kama moyo wako unataka kukaa, kaa, mtu asikuharakishe. Kaburini nimekwenda. Walimzika kwa nyimbo zao, nami nikamsomea Yasini, ile nusu ninayoijua. Hiyo nusu nyingine mwombe shehe aimalizie. Na yule bwana wa mashine ya kusaga, akija tena, usimjibu kwa hasira. Sasa unalo jibu la kumpa, liwe ndiyo au hapana, na ni lako.

Mama umsomee hii barua, lakini pale umeme ulipokatika paruke.

Nisalimie Mama mwenye mwiko wake. Shangazi Mwajabu, mwambie vitumbua vya huku ni matofali. Mjomba wa baiskeli, mwambie ile breki sijaisahau. Msalimie na huyo bwana wa kusaga, kwa heshima, mimi sina ugomvi na mtu anayesubiri.

Kidude cha Papa Kasongo kipo hapa mezani ninapoandika. Nimekizima, nimekitoa betri, nimekigeuzia ukutani. Naandika nimekipa mgongo, na mgongo ndio unaosikiliza.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Athumani, Fundi wa Morogoro.

Ukiifungulia kaseti, najua utainuka kwenda getini. Zile mbili zitakuinua. Usiende, dada. Jibu ukiwa umekaa.